Kigingi na Kamba

3 Juni

Mwalimu ametuagiza kila mmoja aandike habari za siku yake kwa Kiingereza. Nimeandika "Today is Wednesday", leo ni Jumatano, na Kiingereza changu kikakomea hapo. Mengine nayaandika kwa lugha niliyonyonya, na mwalimu asipoyaona hatakuwa na la kusema.

Tumepanda malishoni juu tangu juma lililopita. Mahema yetu ya manyoya yako mawili jirani, letu na la Sonun, ambaye amenizidi mwezi mmoja tu lakini ananiita mdogo wake tangu tulipokuwa wasichana. Mwalimu wetu ni Aizirek, mkamwana wake, aliyeolewa majira ya baridi akitokea mjini. Anafundisha Kiingereza vizuri, wanasema. Kushika ndoo hajui. Jana nimemwona akimwogopa mbuzi.

Na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, ninakaa chini mbele ya mtoto huyo kwa sababu ya Begimai, binti yangu. Anataka kuolewa na Ewan, daktari wa mifugo kutoka Uingereza anayefanya kazi mjini kwetu. Wazazi wa Ewan watakuja mwezi wa nane. Vuli ikiisha kazi yake nayo inaisha, atarudi kwao, ama na Begimai ama peke yake.

Baba Begimai hakukataa, wala hakukubali. Alinyoosha miguu karibu na jiko akasema, "Kijana sina neno naye, kondoo anawajua. Ila hawa watoto kesho watagombana kama watu wote. Nani atawasuluhisha kama si mama zao?"

Nikamwambia Begimai mwenyewe atatutafsiria.

"Mtoto atafsiri ugomvi wake mwenyewe? Siwezi kutoa binti kwa watu ambao mke wangu hawezi hata kugombana nao. Ukae na mama wa kijana, nyinyi wawili tu, mzungumze mkaelewana. Hapo nitatoa baraka. Usipoweza, wangoje."

Ewan hawezi kungoja, na Baba Begimai analijua hilo. Huyo ndiye mume wangu. Akishasema, hata mvua haimrudishi.

4 Juni

Theluji. Mwezi wa sita na theluji. Hakuna somo.

7 Juni

Tumepatana na Aizirek. Yeye ananifunza maneno, mimi namfunza kukamua farasi, maana mama mkwe wake ameshakata tamaa. Leo amekaa upande usiofaa, farasi amegeuka akamtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa viatu kitandani. Nimecheka hadi ndoo ikamwagika.

Kisha ikawa zamu yake ya kunicheka. Waingereza, nimegundua, wakitaka kusema wamekula husema wanacho kula kwao. Wamelala, wanacho kulala. Neno ni lile lile la kuwa na ng'ombe au kuwa na kofia. Nikamuuliza, mtu anamilikije usingizi wa jana? Aizirek akanitoa nje ya hema, akanionyesha moshi kwenye tundu la paa la Sonun. Akauliza, umemwona mama akiwasha moto? Nikasema sikumwona. Umejuaje? Nikasema moshi huo hapo. Akasema basi ndiyo hiyo, jambo limekwisha ila moshi wake bado unao.

Si mjinga, huyu mtoto.

8 Juni

Baba Begimai ameingia jioni, amevua kofia, ameuliza neno moja, "Bado?" Nikamjibu bado.

9 Juni

"Bado?" Bado.

15 Juni

Siku ya leo naiandika vizuri, maana nimeelewa kitu na sijaelewa kitu kipya tangu nilipojifunza kushona zulia.

Tulikuwa tunachanganya maneno mawili, mimi na Sonun. Moja ni "since", jingine ni "for", na yote mawili yanasema habari za muda. Sonun alisema yuko hapa tangu miaka hamsini, mimi nikasema nimeolewa kwa muda wa harusi yangu. Aizirek hakutukemea. Alitoka na kamba ya kufungia farasi, akatupeleka pale mtoto wa farasi alipofungwa.

"Mama zangu, hiki ni nini?"

Kigingi, tukasema.

"Hicho ndicho 'since'. Mahali ulipofungwa. Tangu masika, tangu harusi, tangu Jumanne. Na hii?"

Kamba.

"Hii ndiyo 'for'. Urefu wake. Siku mbili, miaka kumi. Huwezi kumfunga farasi kwenye kamba bila kigingi, na kigingi hakina urefu. Basi."

Nikauliza, na ukitaja jana? Akachukua kisu akajifanya kukata kamba. Ukitaja jana, au mwaka juzi, farasi amekwenda zake, humshiki tena, tafuta maneno mengine. Sonun akasema ndiyo maana yeye hapendi kuzungumzia ya jana. Muongo mkubwa. Hana jingine analozungumzia.

Jioni tumefunga nyuzi za sufu kwenye fito za ukuta wa hema, nyekundu kwa vigingi, nyeupe kwa kamba. Nimeolewa kwa miaka thelathini na minne. Nimeisema mara nyingi mpaka mbwa akatoka nje.

19 Juni

Jambo limetokea darasani, sijui niliite zuri au baya.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la mumewe, wala la baba mkwe, wala la mama mkwe, wala la shemeji yeyote mkubwa. Mimi sijawahi. Namwita Baba Begimai, na kabla Begimai hajazaliwa nilimwita "wewe" na "mwenzangu" na kukohoa. Marehemu baba mkwe alikuwa na jina la kile kigumu kinachofuliwa nyundo na viatu vya farasi, kwa hiyo neno hilo nalo sijalitamka tangu nilipoingia ukoo huu. Nasema "kigumu". Nipe shoka la kigumu. Watu wamezoea.

Leo Aizirek ameuliza jiko limetengenezwa kwa kitu gani. Nikasema, kwa Kiingereza, "iron". Likatoka lenyewe. Sonun akashika mdomo. Mimi nikangoja ulimi uungue. Haukuungua. Nikalisema tena, na tena, nikanyooshea kidole jiko, birika, kiatu cha farasi, shoka. Tumecheka mpaka Sonun akalia machozi, na mimi machozi yangu hayakuwa ya kicheko yote. Yule mzee alinipenda. Nilitamani angesikia.

20 Juni

Mvua. "Bado?" Bado.

27 Juni

Aizirek amekamua ndoo nzima peke yake. Mvua ilikuwa inanyesha na hakutafuta pa kujificha. Usoni Sonun alikuwa kama mwenye kushinda mbio. Nimeanza kuona kwamba nilimhurumia mtu asiyehitaji huruma.

28 Juni

Nimemkamata Baba Begimai. Wakati wa somo alikuwa ameketi nje ya hema, mgongo kwenye ukuta, anashona hatamu. Hatamu ile ile aliyoishona jana na juzi, na haijawahi kukatika. Nikamuuliza anafanya nini hapo. Akasema kivuli ni kizuri. Hapakuwa na jua.

12 Julai

Aibu ya leo sitaisahau, lakini nitaiandika, maana Sonun ameshaanza kuisambaza na yeye hutia chumvi.

Simu hushika kwenye kilima kimoja tu, saa moja kwa farasi. Nimekwenda, nimempigia Begimai. Akasema mama yake Ewan yupo kwenye simu nyingine, anataka kunisalimu. Anaitwa Hazel. Nikasikia sauti ya mwanamke, nzito kidogo, inasema polepole. Na mimi, pamoja na vigingi vyangu na kamba zangu zote, nikafungua kinywa nikasema, "Today is Wednesday."

Ilikuwa Jumapili.

Akaniaga kwa adabu. Begimai hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtoto wangu hucheka kila kitu. Nikamuuliza ana nini.

"Mama, sidhani kama ananipenda. Sijui nimekosea nini. Nikizungumza naye kwa video ananitazama tu, kama anangoja kitu kwangu. Na mimi sijui ni kitu gani."

"Unamheshimu?"

"Sana, mama. Kama ulivyonilea. Zaidi ya hapo sijui."

Nimerudi kutoka kilimani nikimkokota farasi kwa mkono, sikutaka kupanda. Mwanangu amefungwa kwenye kigingi asichokiona, na mimi mwenyewe sikioni.

13 Julai

Nimemwambia Aizirek naacha. Nimezeeka, kichwa changu ni mfuko wenye tundu. Hakubishana. Akanipa ndoo, akasema, "Twende basi ukanifunze yule farasi mwekundu anayepiga teke." Tulipofika akaanza kuniuliza kwa Kiingereza, yeye akikamua na mimi nikimshika mtoto wa farasi. Umewahi kupigwa teke? Nimewahi. Umeacha kukamua? Sijaacha. Tangu lini unakamua? Tangu utoto.

Aliponiacha niondoke ndoo ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeniinamisha ana miaka ishirini na minne.

14 Julai

"Bado?" Nimemtupia kipande cha mkate.

26 Julai

Mvua ya mawe imeua wana-kondoo wawili wa Sonun. Tumekaa naye. Hakuna somo, na hakuna aliyeuliza.

8 Agosti

Tumeanika kuruti, madonge ya maziwa makali tunayokausha kwa ajili ya baridi. Chanja zimejaa. Wageni wakija watakuta kazi, na ni vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

15 Agosti

Wamefika.

Hazel ni mrefu, nywele za mvi fupi, na mikono, nimeitazama kwanza kabla ya uso, imepasuka kwenye viungo kama yangu. Ni wafugaji wa kondoo, huko kwao milimani. Mumewe Ronald alishuka garini na kabla hajatusalimu alikwenda kushika mkia wa kondoo wetu dume, uliojaa mafuta, akatikisa kichwa kwa mshangao. Baba Begimai alimpenda papo hapo.

Tumechinja. Tumewaketisha mbele. Kichwa cha kondoo kikawekwa mbele ya Ronald kama inavyompasa mgeni mkubwa, naye akakitazama na kile kichwa kikamtazama. Ewan alikuwa anafungua mdomo kumweleza. Ndipo mume wangu, ambaye hajawahi kuketi darasani tangu jeshi, akasema kwa Kiingereza, wazi kabisa, "Have you ever eaten?" akionyesha sikio la kondoo. Umewahi kula?

Ronald akasema bado hajawahi. Baba Begimai akalikata sikio, akampa, akanigeukia mimi na uso wa mtu asiye na habari. Hatamu, kumbe. Kivuli kizuri, kumbe.

Hiyo ilikuwa furaha ya siku. Lakini Hazel alikula kidogo. Begimai alikuwa pembeni yake mchana kutwa, anamimina chai, anatafsiri, macho chini kama mkamwana mwema, na mimi nilijivuna. Kisha nikaona Hazel anavyomtazama. Mtoto wangu hakukosea. Huyu mama anangoja kitu.

Nilimwona Ewan akimnong'oneza mama yake, na yeye akitikisa kichwa kukataa. Habari ya hereni haikutajwa. Kwetu mama wa kijana ndiye anayemvika msichana hereni, na bila hereni hakuna uchumba, hata mkila kondoo mia.

Baba Begimai alinitazama toka upande wa pili wa hema. Midomo yake tu ilisema: bado?

16 Agosti

Ya leo nitaandika yote.

Asubuhi nilitoka kugeuza kuruti. Nikasikia hatua, ni Hazel, peke yake. Hakuniomba ruhusa. Alitazama vidole vyangu kidogo, akachota maziwa mazito toka kwenye mfuko, akaanza kuviringa madonge. Ya kwanza yalikuwa mabovu. La nne likawa dogo na zuri.

Aizirek alitutazama toka hemani, akaanza kuja aniokoe. Nikamwona Sonun, Sonun wangu mwenye mdomo mkubwa kuliko mlima, akimshika gauni na kumrudisha ndani. Mungu amjalie maisha marefu, na nisimsikie akijisifu kwa hili.

Hazel akasema bila kuniangalia, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Nimemjua Begimai kwa miaka miwili."

Kamba, nikawaza. Miaka miwili, ni kamba.

"Hajawahi kulitaja jina langu. Hata mara moja. Ewan anasema nimwache. Lakini naogopa. Kuna kosa nimemfanyia?"

Nilielewa. Si nusu nusu, niliyaelewa yote, kwa sababu yalikuwa maneno yetu, yale yale ya kwenye fito, ya kwenye ndoo, ya moshi wa Sonun. Na nikaelewa jingine. Swali hili Begimai asingelitafsiri kamwe, kwa sababu Hazel asingeliuliza mbele yake. Mume wangu mkaidi alikuwa na haki majira yote haya. Sitamwambia.

Mwanangu alimpa huyu mama kitu kikubwa kuliko vyote nilivyomfunza, miaka miwili, kila siku, na kumbe mwenzake alikuwa anahesabu kama tusi.

Nikafuta mikono. Nikasema, "Nina mume." Akasema anajua. "Kwa miaka thelathini na minne. Sijawahi kutaja jina lake."

Akatabasamu kwa upole. Alidhani nimekosea Kiingereza. Nikarudia. Nikaongeza, "Jina la baba yake, sijawahi. La mama yake, sijawahi. Tangu harusi." Tabasamu likaondoka, akanikazia macho.

Neno la heshima Aizirek hakunifundisha, au nililipoteza. Nikafanya nilivyofanya nilipokuwa bibi arusi mlangoni pa wakwe. Nikaweka mikono kifuani nikainama, mara tatu, pale mbele ya chanja, na umri wangu huu. Kisha nikamgusa yeye kifuani na kumwonyesha Begimai, aliyekuwa mtoni anachota maji.

"Jina lako," nikasema. "Analo. Hapa." Nikajigusa moyo. Lile neno la kuwa na ng'ombe, la kuwa na kofia. She has it.

Hazel akaketi juu ya jiwe. Mikono yake yote ilikuwa myeupe kwa maziwa. Kisha akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine, basi mume wako unamwitaje ukimtaka? Bahati yetu alikuwa anapita na farasi. Nikaita, "Wewe, Baba Begimai!" Akageuka. "Nini?" Hakuna kitu, nikamwambia, nenda. Akaondoka akinung'unika kwamba wanawake wamepigwa na jua.

Hazel alicheka. Alicheka mpaka akajipaka kuruti usoni, na alikuwa analia pia, na mimi nikalia, tukawa wanawake wawili wazima tunapigana vibao vya mabega.

Alipopumua akaniuliza, "Hata kwa Kiingereza hujawahi?"

Nilitaka kusema hata kwa Kiingereza. Kisha nikakumbuka jiko na shoka na ulimi ambao haukuungua. Huyu mama alinifungulia moyo wake mtupu, na mimi nimpe nini? Nikatazama nyuma. Nikainama kwenye sikio lake. Nikasema nimeolewa na nani kwa miaka thelathini na minne, na pale penye "nani" nikaliweka jina lote la mume wangu. Hazel hakulirudia. Aliweka kidole midomoni, akakaa hivyo, na nikajua nimepata dada.

Mchana, mbele ya watu wote, akafungua mkoba. Hereni zilikuwa ndani tangu alipotoka kwao, za mama yake marehemu, fedha na jiwe la kijani. Ewan alimweleza desturi zamani, akazileta, na jana alikuwa ameamua kurudi nazo. Akamsogelea Begimai akamvika, sikio moja, sikio la pili, vidole vikihangaika. Begimai hakuelewa kilichobadilika. Aliinua tu macho na kumwita Mama, kama anavyoniita mimi. Hazel akanitazama mimi, si yeye, na akaitikia kwa kichwa kwamba jina hilo linatosha, ndilo alilokuwa analingoja.

Baba Begimai akauliza, "Mmezungumza?"

"Tumezungumza."

"Nyinyi wawili tu?"

"Muulize Sonun."

Akafungua viganja vyake. Wote tukafungua vyetu. Akatoa baraka, ndefu, na sauti ikamkatika katikati, akajipangusa uso haraka ili tusione. Tumeona.

17 Agosti

Today is Monday. Kweli ni Jumatatu. Wote tumechoka, wote tunacheka ovyo.

30 Agosti

Aizirek amepata mimba. Sonun ameniambia mimi wa kwanza, na mimi nimempa Aizirek farasi mwekundu anayepiga teke, awe wake. Amenijibu kwa Kiingereza na nimemwelewa.

11 Septemba

Tumeshuka. Mahema yamefungwa, kuruti magunia matatu, nyuzi nyekundu na nyeupe nimezifungua mwenyewe nikazitia mfukoni.

Njiani Baba Begimai alipanda kando yangu. Akaniuliza tena, maana hajachoka kuuliza, siku ile tulizungumza nini na Hazel. Leo nikaona nimwambie. Tulizungumza habari zako, nikasema. Nilimtajia jina lako.

Akasimamisha farasi. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, kwa Kiingereza, sikioni mwake."

Akamwendesha farasi bila kunitazama mpaka tulipovuka mto. Nilidhani amekasirika, nikawa natafuta la kumtuliza. Kisha, akitazama mbele na masikio yamemwiva, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa vijana, "Na kwa lugha yetu?"

Nikampiga farasi wangu kisigino, nikampita.

"Bado," nikamwambia.